Mkebe Juu ya Kabati

Mkebe wa chakula wa Phanuel Sanyanga ulirudi nyumbani Sakubva, Mutare, siku ya tano baada ya ajali. Phanuel mwenyewe hakurudi.

Uliletwa na Learnmore Mandeya, msaidizi wake kwenye injini, ambaye polisi wa upande wa pili wa mpaka walikuwa wamemwachia asubuhi ile baada ya kumweka ndani siku nne. Alivuka mpaka wa Machipanda kwa miguu, begi begani na mikebe miwili mkononi, wake na wa dereva wake. Hakupita kwao kwanza. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye nyumba za reli, akasimama mlangoni kwa Loveness, mke wa Phanuel, akamnyooshea mkebe kwa mikono miwili huku akitazama chini.

Loveness hakuupokea.

"Amekufa?"

"Hapana, Mama Anesu! Mzima kabisa. Nimemwacha anakula."

"Sasa kwa nini unaniletea mkebe?"

Hapo Learnmore akaliona kosa lake. Katika safu ile ya nyumba, dereva akirudi safari huingia kwa mlango wa jikoni na kumkabidhi mkewe mkebe kabla hata ya salamu. Mke huupokea, huufungua, huuosha. Mkebe ukiletwa na mkono wa mtu mwingine, habari yake ni moja. Mama Chipo wa nyumba ya tatu aliletewa wa kwake na wazee watatu wa kazini, pamoja na kofia.

"Nisamehe, mama," Learnmore alisema. "Siku tulipokamatwa nilifikiria tu kwamba siwezi kuacha mkebe wa mzee kwenye injini. Wangeuiba."

"Uweke chini."

Akauweka juu ya ngazi. Loveness aliutazama kwa muda. Ulikuwa umefungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, fundo likiwa upande wa kushoto, kama Phanuel alivyolifunga miaka yote kumi na tisa. Mwishowe aliuinua kwa pindo la kitenge chake, bila kuugusa kwa vidole, akaingia nao jikoni na kuusukuma juu ya kabati hadi ukagonga ukuta.

"Atakuja kuushusha mwenyewe anikabidhi," alisema. "Kaa basi. Kunywa chai. Niambie."

Learnmore alieleza polepole. Kwenye tambukareli, pale barabara inapokata njia ya treni, pikapu iliyobeba ndizi ilikuwa imekwama katikati ya reli. Mzee alipiga honi, akafunga breki, lakini mabehewa ishirini na mawili ya mbolea hayasimami kama baiskeli. Kijana aliyeendesha pikapu alifariki palepale. Wanawake wawili waliokuwa nyuma waliumia, mmoja miguu, mwingine bega.

"Mungu wangu. Kijana wa miaka mingapi?"

"Ishirini na nne. Anaitwa Abílio." Akanywa chai. "Polisi wanasema pale tuliandikiwa mwendo wa kilomita kumi na tano kwa saa, sisi tukapita na arobaini. Lakini karatasi ya njia tuliyoandikiwa kituo cha nyuma ilisema arobaini, mama. Nimeisoma kwa macho yangu."

"Sasa si mngewaonyesha?"

"Waliidai. Mzee akawakatalia."

"Aliwakatalia polisi?"

"Kanuni. Karatasi ya njia unampa stesheni masta wa kituo cha mbele. Humpi mtu mwingine, hata rais akipanda kwenye injini."

Loveness alifumba macho. "Baba Anesu na kanuni zake."

"Mimi nilishuka kuwasaidia wale majeruhi. Niliporudi wameshamfunga pingu, na mfukoni hana kitu. Stesheni masta aliyeiandika alikuwa na nakala ya kaboni, lakini kaboni yenyewe imechoka, unaona kivuli tu. Naye, mzee wa watu, anaapa aliandika kumi na tano."

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilisema arobaini. Wakacheka. Wakasema mwana humtetea baba yake."

*

Ofisini kwa shirika la reli, Loveness alipanga foleni kuanzia saa moja. Karani wa dirishani alikuwa na jibu moja tu na alilitoa kwa upole: suala la dereva Sanyanga limekwishapelekwa wizarani, wizara imeandika ubalozini, ubalozi unafanya mazungumzo. Familia ijaze fomu hii ili mmoja wao apewe taarifa.

"Nitajaza mimi. Ni mume wangu."

"Cheti cha ndoa, mama."

"Hatukuandikisha. Mahari ilitolewa kwa baba yangu kule Chimanimani. Ng'ombe wote wanane."

"Ng'ombe hawatoi cheti, mama."

Watu kwenye foleni walicheka. Karani hakuwa amekusudia kuchekesha, naye akaona haya, akainamisha kichwa. Lakini fomu aliivuta ndani.

Loveness alikwenda sokoni kumtafuta Mavis, dada mkubwa wa Phanuel, aliyeuza mitumba karibu na stendi ya mabasi. Mavis alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuzia bidhaa hata asipokuwa anauza. Aliposikiliza yote, alimwachia jirani meza yake, akachukua cheti chake cha kuzaliwa, wakarudi pamoja dirishani.

"Baba mmoja, mama mmoja," Mavis alimwambia karani. "Au unataka na picha yetu tukinyonya?"

Akatia sahihi. Walipotoka alimshika Loveness mkono. "Umeona, mke wetu? Umepika miaka kumi na tisa, umezaa, umemzika mama yetu, na serikali haikujui. Inanijua mimi ambaye hata siku yake ya kuzaliwa naisahau."

"Usinitanie leo, Wifi."

"Sikutanii. Simu wakinipigia mimi, nitakupa wewe uongee. Waseme wanavyotaka."

Simu ilikuja siku ya tisa. Aliyepiga ni Bwana Gwatidzo wa ofisi ndogo ya ubalozi iliyoko Beira. Alizungumza taratibu, kama mtu anayesoma faili huku akizungumza. Baada ya barua mbili alikuwa ameruhusiwa kumwona Phanuel kwa dakika ishirini mahabusu ya Chimoio.

"Hali yake ni nzuri. Anakusalimu."

"Amekonda?"

"Sikumjua kabla, mama, siwezi kulinganisha. Ameomba sabuni, nimempa. Ameuliza kama paa la banda la kuku limepigiliwa."

Loveness aliziba mdomo kwa mkono. Mavis aliyekuwa ametegea sikio alinong'ona, "Ni yeye. Huyo ni yeye kabisa."

"Kuna hati moja tunaitafuta," Gwatidzo aliendelea. "Ameniambia alipoiweka. Nimeandika kuomba ruhusa ya kuitafuta. Tukiipata, mwendesha mashtaka amekubali kulitazama jambo hili upya. Tusipoipata kabla ya tarehe ishirini na nane, anafikishwa mahakamani kwa kusababisha kifo."

"Akipatikana na hatia?"

"Inategemea, mama."

"Taja."

"Miaka miwili hadi minane."

*

Oktoba ya Mutare haina huruma. Kufikia siku ya kumi na tatu, jikoni kwa Loveness kulikuwa na harufu, na kufikia siku ya kumi na tano harufu ilikuwa imefika uani.

"Kuna panya amekufa humu," Mavis alisema akiingia.

"Hakuna panya."

Mavis alifuata pua yake hadi kwenye kabati. "Ni ule mkebe! Mama Anesu, kwani ulikuwa na chakula ndani?"

"Atakuwa hakumaliza. Huwa anabakiza ugali kidogo wa kula wakati wa kurudi. Sadza na dagaa."

"Dagaa! Siku kumi na tano, na joto hili!" Mavis alivuta kiti apande. Loveness akasimama mbele ya kabati.

"Usiuguse, Wifi."

"Nikaumwage tu. Sifungui hata macho."

"Nimesema usiuguse. Mimi nikiufungua, au wewe ukiufungua, ni sawa na kusema harudi."

"Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema. Mimi ndiye ninayelala humu."

Mavis aliketi juu ya kile kiti alichotaka kupanda. Alikuwa na jibu, lakini alimtazama wifi yake na kulimeza. Jirani wa upande wa kulia hakulimeza la kwake. Jioni ile, kupitia ukutani, walimsikia akiwauliza watoto wake kwa sauti kubwa kama kuna mtu amefuga fisi.

Mama Chipo alikuja kesho yake na bakuli la majani ya maboga yaliyoungwa kwa siagi ya karanga. Hakuziba pua. Alikaa, akautazama mkebe kule juu.

"Mimi wa kwangu niliufungua siku ileile," alisema. "Wageni walipokwenda kuchukua maji. Nilikuta amebakiza kipande cha nyama, kimeumwa upande mmoja. Nikakila."

Loveness aliliweka bakuli mezani.

"Sikushauri kitu, mwenzangu. Nakuambia tu, ili usifikiri wewe ndiye mjinga peke yako katika nyumba hizi."

*

Bwana Gwatidzo alipiga tena siku ya ishirini. Simu ilikuwa kwa Loveness moja kwa moja sasa. Gwatidzo alikwisha kuacha kumuuliza Mavis, mwenye fomu. Sauti yake ilikuwa imechoka.

"Mama, sina habari njema. Ruhusa ilitoka jana. Tuliingia kwenye injini, mimi, polisi wawili na mtu wa reli. Tumetafuta saa mbili nzima. Chini ya viti, nyuma ya vipimo, kwenye sanduku la vifaa. Haimo."

"Hamkuiona karatasi."

"Hatukuuona hata huo mkebe wenyewe. Alisema aliificha karatasi ndani ya mkebe wake wa chakula na kuuacha chini ya kiti. Nafikiri kuna mtu alipita akauchukua. Nasikitika sana."

Loveness alikuwa amesimama katikati ya jikoni. Aliinua macho.

"Mkebe wa chakula?"

"Ndiyo, mama. Wa bati, umefungwa kwa mpira."

"Uko juu ya kabati."

"Kabati gani?"

"La kwangu. La jikoni. Learnmore aliuleta siku alipoachiwa. Hakuna aliyemuuliza habari za mkebe, na mimi hamkuniambia. Mlisema hati."

"Nilisema hati," Gwatidzo alikiri taratibu. "Ndiyo. Nilisema hati." Akavuta pumzi. "Mama, nisikilize vizuri. Umeshaufungua?"

"Hapana."

"Hata mara moja? Kuuosha, kutoa chakula?"

"Bwana, ungekuwa hapa pua yako ingekujibu."

Ndipo Loveness aliposikia kitu ambacho hakukitarajia kwa mtu yule wa mafaili. Alimsikia akicheka, kicheko kifupi, kama cha mtu aliyeteleza na asianguke.

"Usiufungue. Usiuguse. Hata ukihama nyumba, uache hapohapo. Kesho saa nne niko kwako."

Baada ya simu, Loveness aliketi sakafuni akiutazama mkebe. Inchi chache za bati kati yake na kujua. Na kama karatasi imeandikwa kumi na tano? Phanuel alikuwa mtu wa kanuni, lakini alikuwa na miaka hamsini na mbili, na miwani yake ya kusomea ilikuwa ya mwaka juzi. Alikaa na swali hilo hadi chakula cha jioni kikaungua.

*

Gwatidzo alikuwa mwembamba, mrefu, na suti yake ilikuwa imefuliwa mara nyingi. Alipoingia jikoni alisimama ghafla, akatoa leso, kisha kwa heshima akairudisha mfukoni.

Aliupiga mkebe picha ukiwa juu ya kabati. Akaushusha kwa mikono miwili, akazungusha ukanda wa karatasi juu ya kifuniko, juu ya mpira, juu ya lile fundo, akapiga muhuri wa ofisi mara nne. Mavis alitia sahihi kama shahidi.

"Sasa ni mzigo wa ubalozi," Gwatidzo alisema.

"Dagaa wa mdogo wangu," Mavis alisema. "Nimeishi kuona mambo."

Walisafiri na madirisha ya gari wazi, Gwatidzo na dereva mbele, Loveness na Mavis nyuma, mkebe kati yao kama mtoto. Mpakani, upande wa pili, afisa forodha kijana aliinamisha kichwa dirishani na kukitoa haraka.

"Mmebeba nini?"

"Mzigo wa ubalozi," Gwatidzo alisema na kumpa barua.

Kijana aliisoma yote, mdomo ukimchezacheza. "Fungueni."

"Haufunguliwi. Barua inasema hivyo, na barua ya pili ni ya ofisi ya mwendesha mashtaka wenu. Anausubiri."

"Nyama inakatazwa kuvuka. Hii ni nyama. Nyie wanawake mnafanya biashara, halafu mnamtumia mzee huyu." Akamgeukia Loveness. "Shuka. Simama pale."

Loveness alishuka, akasimama kwenye jua mbele ya malori, watu wakimtazama. Mmoja aliuliza kwa sauti kama yule mama ameiba samaki. Mavis alifungua mlango wa upande wake lakini Gwatidzo akamzuia kwa kiganja. Alishuka mwenyewe, bila haraka, akaenda kusimama juani kando ya Loveness. Hakubishana tena. Alisimama tu na suti yake, mikono nyuma, kama naye ameambiwa.

Walisimama hivyo robo saa, hadi mkubwa wa zamu alipotoka, akasoma barua zote mbili, akanusa hewa.

"Ni nini hasa?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Chakula cha mchana cha mume wangu," Loveness alisema. "Anakingoja Chimoio."

Mkubwa alimtazama, akarudisha barua. "Muacheni mama apeleke chakula."

*

Mwendesha mashtaka, Bi. Amélia Chirindza, alikuwa amewaita wote chumba kimoja: polisi aliyemkamata Phanuel, mtu wa reli, na stesheni masta, mzee Zeferino, aliyeshika kofia yake mapajani. Phanuel aliletwa mwisho. Loveness alikuwa hajamwona kwa siku ishirini na mbili. Alikuwa amekonda, kola ya shati ilimzunguka shingo kama ya kuazima. Hawakuruhusiwa kusogeleana. Phanuel alimtazama mkewe, kisha akautazama mkebe mezani, kisha akamtazama tena mkewe.

"Hukuufungua," alisema.

"Ningeufunguaje? Hukunikabidhi."

Bi. Amélia aliinua kidole na wote wakanyamaza. Alisema kwa Kireno kwa ajili ya karani aliyekuwa akiandika, kisha akarudia kwa Kimanyika, maana alizaliwa Manica na wote mle ndani walikijua.

"Bwana Gwatidzo, hati iliyopotea wiki tatu, ikapatikana nyumbani kwa mke wa mshtakiwa. Ungekuwa mimi ungeiamini?"

"Ningetazama kwanza, Bi. Mwendesha Mashtaka."

Bi. Amélia alikagua mihuri mmoja mmoja, akaikata. Alijaribu kufungua fundo la mpira kwa vidole, likakataa. Lilikuwa limekauka na kugandamana na bati. Karani akaleta mkasi. Kifuniko kilipoinuka, polisi alisema neno ambalo karani hakuliandika, na mtu wa reli akaenda dirishani.

Bi. Amélia hakurudi nyuma. Aliinama juu ya mkebe, kalamu mkononi. Chakula kilikuwa kimefunikwa na ukungu mnene wa kijivu na kijani, uliopanda kutoka kwenye sadza hadi ukingoni na kushikana na kifuniko. Kwenye upande mmoja, chini ya utando huo, ilionekana ncha ya mfuko wa plastiki wa mkate. Ukungu ulikuwa umekua juu yake mfululizo, bila kukatika popote.

Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akamwambia karani apige picha, na akasema, kwa Kimanyika tu, "Huu haukupandwa jana."

Alivuta mfuko kwa ncha ya kalamu. Ndani yake karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne, kona moja imeingia mafuta. Akaikunjua juu ya gazeti. Loveness aliona upande wa nyuma wa karatasi tu. Alihesabu mabamba ya dari.

Bi. Amélia hakuisoma kwa sauti. Aliisukuma mbele ya mzee Zeferino.

"Mwandiko wa nani?"

Mzee alivaa miwani. Aliinama. Kidole chake kilipita chini ya mistari polepole, kikasimama. Hakuna aliyemharakisha.

"Wangu," alisema.

"Na mwendo?"

"Arobaini." Akavua miwani. "Simu ya kusema mwendo uwe kumi na tano ilikuja asubuhi ile. Niliiandika. Naapa niliiandika. Lakini..." Akaikunja miwani. "Kulikuwa na treni ya pili nyuma yake. Nitakuwa niliiandika kwenye karatasi ya ile. Nimelala siku ishirini na mbili nikiona mkono wangu unaandika kumi na tano, na kumbe niliuona kweli, ila kwenye karatasi nyingine."

Alisimama, akageuka kwa Phanuel. "Mwenzangu, sikusema uongo. Nilikosea."

Phanuel alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa amepakwa matope kwa neno la mzee yule, lakini alipojaribu kukasirika hakuona pa kuanzia. "Najua," alisema. "Kaboni ilikuwa imechoka. Hata kwetu tunazitumia hadi zinatoboka."

*

Karatasi za kumwachia zilichukua siku mbili zaidi. Wanawake walilala kwa mjane mmoja wa kanisa la Kimethodisti karibu na soko, aliyekataa malipo na kuwapa magodoro. Gwatidzo aliandika barua ya shukrani kwa mwendesha mashtaka, nyingine kwa polisi, na ya tatu kwa mkubwa wa zamu wa mpakani, ambayo Mavis alisema ni kumharibu.

Phanuel alitoka mchana, akiwa na mkanda wake, kamba zake za viatu, na mfuko mweusi wa plastiki uliofungwa mara tatu. Waliokuwa wakipita walimkwepa.

"Usiniambie," Mavis alisema.

"Walitaka kuutupa. Nikawaambia ni mali ya mtu."

"Ya nani?"

"Ya mke wangu."

Mavis alimkumbatia mdogo wake akilia kwa sauti ileile ya sokoni, huku akiusukuma mfuko mbali kwa nyonga. Loveness hakumkumbatia. Alimshika tu kiwiko, akakishikilia, na hakukiachia hadi garini.

Njiani Phanuel alisema machache. Aliuliza habari za shule za watoto, na za banda la kuku. Walipopita tambukareli ndogo nje ya mji alikaza vidole kwenye kiti cha mbele.

"Mzee Zeferino, sasa watamshika yeye?" alimuuliza Gwatidzo.

"Atahojiwa. Bi. Amélia si mtu wa pupa. Mimi mamlaka yangu yanaishia kwako."

"Na wazazi wa yule kijana? Nilitaka kwenda kuwashika mkono. Ulinikataza."

"Nilikukataza ukiwa mshtakiwa. Ungeonekana unakiri kosa. Sasa u huru, mimi sina neno."

"Tutakwenda Jumamosi," Mavis alisema. "Nitatangulia mimi, niwaombe watupokee. Wakikataa tutakaa nje hadi wakubali. Hao ni watu kama sisi, wanajua."

Mpakani, kijana wa forodha aliliona gari, akaupungia mkono mfuko mweusi upite kabla hata haujafika.

*

Majirani walikuwa wamejaa mbele ya nyumba, Learnmore akiwa wa kwanza, na hata yule wa fisi. Phanuel alisalimia kwa kuinua mkono lakini hakusimama. Aliizunguka nyumba peke yake. Loveness alipita mlango wa mbele, akapita sebuleni, akafika jikoni na kusimama akingoja, kitenge kikiwa kimefungwa vizuri kiunoni.

Mlango wa nyuma ulifunguliwa. Phanuel aliingia, akafungua mfuko, akatoa mkebe, akaunyoosha kwa mikono miwili.

"Nimerudi, Mama Anesu."

"Karibu, Baba Anesu." Akaupokea kwa mikono miwili, vidole vyake juu ya bati. "Safari ilikuwaje?"

"Ilichelewa kidogo."

Akautoa uani. Aliusugua kwa jivu, akaumwagia maji ya moto, akausugua kwa mchanga, akausugua tena kwa sabuni. Mama Chipo alileta ndoo ya pili bila kuombwa, akaketi kando yake juu ya tofali, akitazama.

"Harufu haitoki yote," Loveness alisema akiunusa.

"Haitoki," Mama Chipo alikubali. "Nunua mwingine."

Loveness aliugeuza, maji yakachuruzika, akausimamisha juu ya ukuta ukauke kwenye jua, mahali ambapo safu nzima ya nyumba ingeuona.

"Atakula nao hivyohivyo," alisema.